Uzi: Wahandisi wa kemikali na mchakato, faida ya chama mimi niliiona kwenye maji ya boila

#1 MvukeMkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Huu uzi nimekuwa nikiuahirisha tangu mwaka jana. Wadogo zangu wanaomaliza uhandisi wa kemikali na mchakato pale Mlimani wananifuata PM na swali lile lile: "Kaka, kujiunga na chama cha wahandisi kutanisaidia nini wakati hata kazi yenyewe sijapata?" Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja habari za vyeti na ajira, na kila nikimaliza naona nimewajibu nusu. Leo niseme lile ninaloliamini hasa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kiwanda cha sukari. Mafundi mitambo tulikuwa nao, watu wa umeme walikuwepo, wakemia wa maabara walikuwepo na wazuri tu. Injinia wa mchakato nilikuwa mimi peke yangu. Mwenzangu wa ujenzi akikwama ana wenzake TANROADS, TARURA, halmashauri na kwa makandarasi. Akipiga simu mbili tatu jibu limepatikana. Sisi ni wachache na tumetawanyika. Mmoja yuko kwenye saruji Wazo Hill, mwingine gesi ya Madimba, mwingine mitambo ya maji Ruvu, mwingine dhahabu Geita. Unaweza kumaliza mwaka hujazungumza na mtu anayeelewa unachokifanya kutwa.

Wiki ya sita ya msimu wa kusaga miwa, boila ikaanza kutoa povu. Maji kwenye kioo cha kuonyesha kiwango yanapanda na kushuka bila mpangilio, mvuke unabeba maji mpaka kwenye tabaini, na pH ya maji ya boila inaporomoka. Tukaongeza kemikali, ikapanda kidogo, ikashuka tena. Muuzaji wa kemikali akashauri tuongeze dozi. Siku ya tatu opereta wa boila, mzee mmoja mtaratibu sana, akaniambia kila wakifungua maji ya chini kutoa uchafu anasikia harufu ya sukari iliyoungua. Nikaandika kwenye daftari. Sikujua nifanye nalo nini.

Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda mkutano wa wahandisi Dar. Wakati wa chai nilikaa meza moja na mzee mstaafu aliyemaliza utumishi wake kwenye viwanda vya sukari. Aliniandikia namba yake nyuma ya ratiba, akasema, "Ukikwama piga, usione haya." Siku hiyo saa nne usiku nikapiga. Hakunipa somo. Aliniuliza maswali matatu: boila mnailisha kondenseti (maji ya mvuke uliopoa) ya chombo kipi? Kiwango cha juisi kwenye chombo cha kwanza kiko wapi? Mara ya mwisho mmepima sukari kwa alfa-naftholi lini?

Kwa wasiojua sukari: juisi ya miwa hukolezwa kwenye vyombo kadhaa vilivyofuatana, mara nyingi vinne. Cha kwanza kinapashwa na mvuke unaotoka kwenye tabaini. Mvuke unaotoka kwenye juisi ya chombo hicho ndio unaopasha cha pili, na wa cha pili unapasha cha tatu, na kuendelea, kila kimoja kikichemka kwa presha ndogo kuliko kilichotangulia. Ni ubunifu wa Norbert Rillieux, mtu wa New Orleans, aliyepata hataza yake mwaka 1843, na mpaka leo viwanda vya sukari vinaishi kwa ubunifu huo. Sasa angalia: maji yanayotoka upande wa mvuke wa chombo cha kwanza ni mvuke wa boila uliorudi kuwa maji, ni safi. Maji ya chombo cha pili yametoka tumboni mwa juisi. Juisi ikichemka kwa fujo, matone yanarushwa juu na kwenda na mvuke, na sukari inakwenda nayo.

Sisi tulikuwa tumefanya makosa mawili kwa wakati mmoja. Tulipandisha kiwango cha juisi kwenye chombo cha kwanza tukidhani juisi nyingi ndio ukolezaji mwingi. Na kwa kuwa maji ya kulisha boila yalikuwa yanapungua, zamu ya usiku walifungulia kondenseti ya chombo cha pili iingie kwenye tanki la boila. Sukari ikifika kwenye joto la boila inavunjika na kuwa asidi. Ndiyo maana pH ilikuwa inashuka hata tuongeze nini.

Tukachukua sampuli, tukaweka matone ya alfa-naftholi, tukashusha asidi ya salfuriki kali taratibu kwenye ukuta wa neli ya majaribio. Pete ya zambarau ikatokea palepale, yaani sukari imo. Tukaigeuza kondenseti ile isiende kwenye boila, tukashusha juisi mpaka karibu theluthi moja ya urefu wa mirija ya kupashia juisi, tukabadilisha maji ya boila kidogo kidogo. Kufikia zamu ya mchana ya siku iliyofuata kioo kilikuwa kimetulia.

Wakuu, somo la ukolezaji nilifaulu chuoni. Milinganyo yote ya joto nilikuwa naijua. Nilichokosa ni mtu aliyewahi kuisikia ile harufu, na huyo nilimpata kwa sababu nililipa nauli kwenda kukaa na watu wa taaluma yangu.

Naomba pia niweke sawa jambo ambalo vijana wengi wanalichanganya. Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) siyo chama. Hiyo ni sheria, ya mwaka 1997. Huwezi kufanya kazi ya uhandisi kihalali bila kusajiliwa. Ukihitimu unaingia kama mhandisi mhitimu, na kuna ule mpango wa SEAP ulioanza 2003, miaka mitatu ya kufanya kazi chini ya mlezi kabla ya kuomba kuwa mhandisi mtaalamu. Chama ni kitu cha hiari: IET hapa nyumbani, IChemE ya Uingereza, AIChE ya Marekani, na kwa watu wa sukari ISSCT ya kimataifa tangu 1924 na SASTA ya Afrika Kusini. Bodi inakuuliza kama unafaa. Chama ndiko unakokwenda kuwauliza wenzako.

Karibuni tujadili.

#2 Valvu_ya_Usalama

Mkuu nimesoma kwa makini na kisa kimenigusa, ila naomba kutofautiana. Ulibahatika kumpata huyo mzee. Mimi nimelipa ada ya chama kimoja miaka mitatu. Nilichopata ni meseji za kukumbushwa ada, kalenda ya ukutani, na mwaliko wa kongamano hotelini ambako waliozungumza siku nzima walikuwa viongozi na wadhamini. Hakuna hata mada moja iliyogusa mtambo. Nikaacha. Hizo hela nilinunulia kitabu.

#3 MvukeMkavu

Mkuu #2, sikubishii hata kidogo, nimehudhuria makongamano ya namna hiyo mimi mwenyewe na nimerudi na begi la karatasi. Chama kinachokusanya ada na kugawa kalenda hakistahili hela yako.

Lakini usilihukumu wazo lenyewe kwa hicho kimoja. Hata huko taaluma ilikoanzia ilichukua muda. George E. Davis, yule wa Manchester aliyetoa mihadhara ya kwanza ya uhandisi kemikali mwaka 1887, alikuwa ameshajaribu kuanzisha chama cha wahandisi kemikali mwaka 1880. Hakikusimama. Wenzake wakaishia kuunda Society of Chemical Industry mwaka 1881. Wamarekani wakapata AIChE mwaka 1908, Waingereza wakasubiri mpaka 1922 kupata IChemE. Miaka arobaini na zaidi tangu jaribio la kwanza!

Mimi kigezo changu cha kupima chama ni kimoja: je, wanachama wanaandika yaliyowaharibikia? Siyo mafanikio, mafanikio kila mtu anayatangaza. Nitakupa mfano wa kwa nini nasema hivyo.

Nilikaa kwenye sukari miaka minne bila kujua kwamba vumbi la sukari linalipuka. Naongea kwa uchungu. Chumba chetu cha kufungashia kilikuwa na vumbi juu ya kila boriti, juu ya taa, juu ya mabomba, na sote tuliliona kama suala la usafi tu. Mwenzangu wa kwenye kundi letu la wahandisi akanitumia ripoti ya ajali ya Imperial Sugar, Port Wentworth, jimbo la Georgia, tarehe 7 Februari 2008. Mkanda wa kubebea sukari chini ya maghala ulikuwa umefunikwa kwa mabati mwaka mmoja kabla, kwa nia njema kabisa ya kuzuia uchafu usiingie kwenye sukari. Vumbi likajikusanya mle ndani bila pa kutokea. Chanzo kinachodhaniwa zaidi ni beringi iliyopata moto. Mlipuko wa kwanza ulitikisa jengo, vumbi lililokuwa limelala kwenye maboriti likadondoka hewani, nalo likalipuka, ukaendelea hivyo jengo hadi jengo. Watu 14 walikufa.

Nilipomaliza kusoma nilikwenda chumba cha kufungashia, nikapitisha kidole juu ya boriti. Siku iliyofuata tulianza kufagia juu, na tulifagia kwa kufyonza, si kwa kupuliza hewa ya kompresa kama tulivyozoea. Kupuliza ndiko kunakolirusha vumbi hewani.

Ripoti ile ni ya bure, ilikuwepo mtandaoni muda wote huo. Ila mtu hawezi kutafuta asichojua kwamba kipo. Mwenzako wa taaluma ndiye anayekwambia, "wewe uko sukari, soma hii kwanza."

#4 Mashudu_na_Heksani

Habari zenu kaka zangu na dada zangu. Mimi ni mwanamke, niko kwenye kiwanda cha kutoa mafuta kwa kiyeyushi, yaani mashudu ya alizeti yanaoshwa kwa heksani ili mafuta yaliyobaki yatoke. Heksani inashika moto haraka kuliko watu wanavyofikiria. Kaka MvukeMkavu ameongelea maarifa. Mimi niongeze jambo jingine: nguvu ya kusema hapana.

Kipozeo kimoja kilitoboka katikati ya msimu, alizeti imejaa uwanjani. Bosi wangu wa wakati ule akaagiza tukiruke kwa mpira wa muda wa kupitishia mvuke wa heksani, wiki mbili tu, mpaka kipuri kifike. Akaniletea karatasi nisaini. Nilikuwa na miaka 27, mwanamke pekee kwenye kile kikao, na kila mtu ananiangalia kama mimi ndiye ninayezuia mishahara.

Nikaomba mpaka kesho. Usiku ule nikaandika kwenye kundi letu dogo la wahandisi wa mchakato, tulikuwa watu tisa tu tuliofahamiana kwenye semina ya HAZOP. Kwa wasioijua, HAZOP ni utaratibu wa kukaa na mchoro wa mtambo na kuuliza kila bomba maswali ya namna moja: je, mtiririko ukikosekana? Ukizidi? Ukirudi kinyume? Ikipanda presha? Wanne kati yao walikaa kwenye simu na mimi mpaka saa saba usiku tukilipitia lile bomba la muda kwa maswali hayo. Mmoja akaniambia nisome habari za Flixborough kabla sijalala.

Flixborough, Uingereza, Jumamosi tarehe 1 Juni 1974. Kiwanda kilikuwa na matanki sita ya kuchakata saikloheksani, kimiminika kinachoshika moto haraka, yaliyopangwa kwa mstari. La tano likapata ufa, wakaliondoa, wakaunganisha la nne na la sita kwa bomba la muda la inchi 20 ili kazi iendelee. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki sakafuni pale karakana. Injinia mkuu wa mitambo alikuwa ameondoka na nafasi yake haijajazwa. Lile bomba likapasuka, wingu likawaka, watu 28 wakafa. Lingekuwa tukio la siku ya kazi wangekufa wengi zaidi.

Ile chaki sakafuni ndiyo iliyoninyima usingizi. Asubuhi nilipeleka ukurasa mmoja: hatari tatu, hesabu ya presha, na pendekezo la bomba la chuma lenye flanji ambalo fundi wetu angelitengeneza kwa siku mbili. Nikasema sisaini mpira. Hasira zilikuwepo, sitadanganya. Lakini bomba la chuma lilitengenezwa, na siku mbili zile alizeti haikuoza.

Peke yangu ningesaini. Nasema hivyo mbele zenu bila kuficha.

#5 Bonde_la_Ufa

Hamjambo ndugu. Mimi niko upande wa Kenya, nilisomea uhandisi wa kemikali na mchakato pale Moi, Eldoret. Dada #4, pole na hongera, umenifanya nisimame kidogo.

Kwetu hili jambo lina sura ya sheria pia. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, Bodi (EBK) inataka uonyeshe umeendelea kujifunza ndipo leseni ya mwaka ihuishwe. Kwa hivyo wengi huenda kwenye mikutano ya IEK, chama cha wahandisi wa Kenya, kutafuta alama tu, wanasaini karatasi ya mahudhurio halafu wanaondoka kabla ya maswali. Na maswali ndiyo yenye nyama. Ushauri wangu kwa vijana: kaa mpaka mwisho, tafuta yule aliyeuliza swali gumu, mfuate mlangoni.

#6 Kijana_wa_Mlimani

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwaka wa tatu. Swali langu ni la hela. Boom (hela ya mkopo wa chuo) likiisha tunakula kwa kubana, sasa ada ya chama cha nje kwa dola nitaitoa wapi? Na je, nikiwa bado sijahitimu watanipokea au nitaonekana msumbufu?

#7 Sohari

Mdogo wangu #6, marahaba. Niko Sohar, Oman, kwenye petrokemikali, mwaka wa saba sasa. Nikujibu la hela: vyama vingi vina uanachama wa mwanafunzi, ama bure ama wa bei ya chini sana. Uingie ukiwa mwanafunzi, maana ukihitimu bei inabadilika.

Huku Ghuba, kwenye usaili, wanaangalia sana kama una herufi za chama kama MIChemE au uhandisi uliothibitishwa. Zinafungua mlango, sikufichi. Ila kilichonisaidia mimi zaidi ni ile kazi ya kuandika ripoti ya uzoefu kwa ajili ya maombi. Unatakiwa uonyeshe wewe, wewe binafsi, uliamua nini na kwa nini. Mara ya kwanza niliandika "tulifanya, tulibadilisha, tulifunga" kurasa nzima. Mlezi wangu akanirudishia na duara jekundu kwenye kila "tu". Ilinichukua miezi kuandika upya, na katika miezi hiyo nilijifunza kazi yangu kuliko miaka miwili iliyotangulia, kwa kuwa nililazimika kurudi kuuliza kwa nini tulichagua pampu ile na siyo nyingine.

#8 MvukeMkavu

Dada #4, nimesoma mara mbili. Asante kwa kusema ule mstari wa mwisho.

Kijana #6, anza na vya bure. AIChE ina kitengo cha usalama wa mitambo, CCPS, kilichoanzishwa 1985 baada ya maafa ya gesi ya sumu ya Bhopal, India, ya Desemba 1984. Kitengo hicho hutoa kila mwezi karatasi ya ukurasa mmoja iitwayo Process Safety Beacon: picha, ajali ilivyotokea, na la kufanya. Imeandikwa kwa ajili ya opereta, siyo kwa profesa. Unajiandikisha kwa barua pepe tu.

Na hapa niseme tunachofanya sisi, maana swali la usumbufu halina nafasi kwetu. Tuko kumi na wawili, kutoka viwanda saba. Kila mwezi mmoja wetu anaichukua ile karatasi na kuieleza upya kwa Kiswahili cha kiwandani, na mfano wa mtambo tunaoujua, halafu kila mtu anaisoma kwenye zamu yake kabla kazi haijaanza. Dakika kumi. Opereta wetu ana uzoefu wa miaka ishirini lakini ripoti za Kiingereza hazimfikii. Mwezi tuliosoma habari ya kuingia ndani ya tanki, mzee mmoja wa tanki la molasi akanyoosha mkono akasema kuna tanki lililokaa muda mrefu ambalo wanaingia kulisafisha bila kupima hewa, kwa sababu "ni molasi tu." Molasi ikichacha inatoa kaboni dioksidi, nayo ni nzito kuliko hewa, inakaa chini palepale anaposimama mtu. Tangu siku ile hakuna anayeingia bila kipimo na bila mtu wa kumwangalia mlangoni. Yule mzee ndiye aliyeliona. Sisi tulileta karatasi tu.

Tunahitaji wanafunzi wa kusaidia kuandika. Mnajua Kiingereza cha vitabu na bado mnakumbuka Kiswahili cha nyumbani. Nitumie PM.

#9 Kijana_wa_Mlimani

Shikamoo kaka. Nimekutumia PM. Niko fildi kiwanda kimoja cha sukari mpaka mwisho wa mwezi. Leo nimeuliza maabara kama wanapima kondenseti ya chombo cha pili, wameniambia zamani walikuwa wanapima kila saa, siku hizi ni mara moja kwa zamu. Alfa-naftholi ipo kabatini. Msimamizi amenikubalia nichukue sampuli kesho asubuhi.

#10 MvukeMkavu

Marahaba. Vaa miwani na glavu, msimamizi awepo pembeni yako. Asidi iteremke taratibu kwenye ukuta wa neli, usiimwage katikati na usitikise. Chukua sampuli mbili, moja ya chombo cha kwanza na moja ya cha pili, uziandike majina kabla hujaanza. Angalia pale majimaji mawili yanapokutana.

Pete ikitokea kwenye cha pili, mwambie msimamizi kwanza, halafu muulizeni opereta kiwango cha juisi kiko wapi. Ikitokea kwenye cha kwanza hilo ni jambo jingine, huenda mrija umetoboka, nipigie muda huohuo. Namba nimekuwekea PM. Hata ikiwa saa nne usiku.